Reli za Industrial Area ya Kampala mmezifukia wenyewe halafu mnalia foleni ya treila??

Jamani leo niacheni nitoe sumu maana nimechoka. Kila siku SGR, SGR, hiyo reli mpya ya kisasa, wakubwa wanapigwa picha na helmeti kichwani, mkataba na kampuni ya Kituruki Yapı Merkezi umesainiwa Oktoba 2024, kilomita 272 kutoka Malaba mpaka Kampala, euro bilioni 2.7, sawa, tumesikia na makofi tumepiga. Swali langu ni dogo tu. Hilo treni likishafika Kampala, mzigo nani anaufikisha godauni? Jibu mnalijua. Treila. Ile ile iliyoziba Nakawa tangu asubuhi, dereva kavua viatu kalala zake.

Kwa ambao hamjui, Industrial Area haikuota pale yenyewe. Reli ilifika Kampala 1931 na viwanda vikaja kujipanga kando yake, na huko kwenye mitaa ya namba, Fifth Street, Sixth Street, Seventh Street, vilikuwepo vijitawi vya reli vinachepuka kutoka njia kubwa na kuingia mpaka mgongoni mwa godauni. Wazee wa reli wanaviita saidingi. Na ukitaka kujua watu wa zamani walikuwa na akili, nenda kaangalie lile jengo tunalopanga sisi. Upande wa barabara kuna mlango wa kawaida. Upande wa nyuma kuna jukwaa la zege limeinuliwa likalingana na sakafu ya wagoni, mlango wa godauni uko hapo hapo, yaani wagoni ikisimama unafungua, unaweka bati katikati, vijana wanasukuma magunia na toroli moja kwa moja ndani. Hakuna kreni, hakuna kushusha halafu kupandisha tena, hakuna kumbembeleza afande wa trafiki.

Leo nyuma huko kuna nini? Jamaa anachoma nguruwe, na mwenzake ameweka sehemu ya kuoshea magari. Hao hata sina ugomvi nao, muchomo wake ni mtamu na mimi ni mteja. Anayenichemsha damu ni tajiri mmoja hatua chache mbele ambaye amepandisha ukuta juu ya reli. JUU YA RELI banange!! Chuma kinaingia chini ya ukuta upande huu na kinatokea upande wa pili, mtoto wa darasa la kwanza angekuonyesha. Nikamuuliza askari wa getini, ssebo hii reli ni ya nani? Akaniambia hapa hakuna reli. Amesimama juu yake anapoongea.

Ndiyo maana nasema haya mambo yana ubaguzi. Mwaka 2014 walipoamua kusafisha hifadhi ya reli, waliobomolewa ni watu wa vibanda Namuwongo na kwingineko, mama muuza nyanya, fundi viatu, mtu anaamka hana nyumba. Sheria ikatajwa, usalama ukatajwa, na ni kweli treni likipita karibu na mlango wa mtu ni hatari, sibishi. Lakini mwenye ukuta wa matofali na taito, yaani hati ya ardhi, mkononi yeye hakuambiwa hata samahani sogea kidogo. Taito juu ya ardhi ya reli ilitoka wapi? Nani alipiga muhuri? Hilo ndilo nataka mtu wa ofisi za ardhi aje hapa anijibu, maana mmo humu mnasoma kimya kimya.

Na msiniambie hakuna mzigo. Mzigo wetu ni mchele na bidhaa za duka, mwingine unapitia Mombasa, karibu kilomita 1,200 za barabara, mwingine unatoka Mwanza. Juzi konteina imefika yadi salama salimini, safari yote hiyo haina tatizo, sasa kutoka yadi mpaka godauni, mwendo ambao boda anakupeleka hujamaliza kuongea na simu, bei niliyotajiwa nilidhani jamaa ananiuzia na lori lenyewe. Ukikataa, mzigo unalala na kulala nako unalipia. Halafu mteja wangu wa soko la Kikuubo ananiuliza boss mbona mchele umepanda. Umepandia Nakawa!

Hesabu si ngumu. Wagoni moja inabeba konteina ya futi 40, au mbili za futi 20. Treni la wagoni 20 tu ni treila 20 hazijaingia mjini. Ndiyo hayo.

Bandari ya Port Bell kwenye Ziwa Victoria ndiyo inaniuma zaidi maana pale hata kisingizio hakuna. Kijitawi chenyewe ni kama kilomita 9, kinapita Namuwongo na Bugolobi mpaka ziwani, na zamani meli zilikuwa zinabeba wagoni zenyewe, Kaawa, Pamba na Kabalega, wagoni inatoka Mwanza inavuka ziwa inateremka na kuendelea na safari bila mtu kugusa gunia. 2005 Kabalega na Kaawa zikagongana, Kabalega ikazama, biashara ikafa polepole. 2018 MV Umoja ya Tanzania ikarudi kuleta wagoni Port Bell, tukashangilia. Kwa hiyo inawezekana! Wagoni zinafika kabisa mjini, zinapita nyuma ya magodauni yetu, halafu mzigo unaenda kushushwa kwingine ndipo upandishwe lori lirudi kule kule wagoni zilikopita. Mwenye akili anieleze.

Najua mtu atasema wezi wa skrepa ndio wamemaliza reli. Ni kweli, mataruma ya chuma yameng'olewa sehemu nyingi. Lakini mwizi huja kung'oa kitu kilichotupwa, reli inayopitisha injini kila siku nani atailala juu aikate? Tuliitupa lini? Tulipowapa wawekezaji. 2006 kampuni ya RVR (Rift Valley Railways) walipewa mkataba wa miaka 25, haukufika hata nusu ukavunjwa, na miaka yote hiyo nani alikuwa na habari na kijitawi cha Sixth Street.

Na wanaosema SGR itatatua kila kitu nao niwajibu mapema. Reli ya zamani upana wake ni milimita 1,000, SGR ni 1,435. Wagoni ya SGR haiwezi kukanyaga saidingi za zamani hata ukizizibua kesho. Kwa hiyo mzigo lazima uhamishwe mahali, na kama utahamishwa ni bora uhamie kwenye wagoni ndogo zinazoingia mpaka mlangoni kuliko kwenye treila. Njia ya zamani Kampala mpaka Mukono wameshaikarabati, hela imetumika, sasa unakarabati shina halafu matawi unaacha chini ya lami?

Sisemi zote zifufuliwe. Kuna saidingi inaingia kwenye kiwanda ambacho siku hizi ni kanisa, hiyo waiache, watu wasali. Lakini za upande wa Port Bell, za madepo ya mafuta, na hizi za magodauni ambayo bado yana majukwaa yake, zipimwe, ukuta uvunjwe wa tajiri kwanza kabla ya kibanda cha mtu yeyote, na mwenye kibanda alipwe ahamie mahali pa kueleweka. Na Namanve huko reli inapita jirani kabisa na viwanda vipya, hebu kaa barabarani uhesabu treila zinazotoka.

NAONGEZA: naona kuna ndugu hapo chini ananiambia niache kulia ninunue lori langu. Kaka nikinunua mimi na wewe ukanunua, tutapita wapi??

Anayepanga godauni lenye jukwaa la nyuma, piga picha reli ilipoishia uweke hapa na jina la mtaa. Taito mtuachie tutazitafuta.