Naomba ushauri: nimweleweshe vipi mdogo wangu jinsi seli inavyotengeneza ATP?

Wakuu, habari zenu. Namsaidia mdogo wangu kujiandaa na mtihani wa baiolojia, na tumekwama kwenye namna seli inavyopata nishati, yaani inavyotengeneza ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli).

Mwanzo ameuelewa: glukosi inavunjwa nje ya mitokondria (sehemu ya seli inayotengeneza ATP nyingi) bila kuhitaji oksijeni, na faida inayobaki ni ATP 2. Mzunguko wa Krebs, hatua inayofuata ndani ya mitokondria, ameukariri. Shida ni hatua ya mwisho, kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Ananiuliza swali ambalo kwa kweli ni zuri: kama elektroni zilizotoka kwenye glukosi zinaishia kwenye oksijeni na kuunda maji, hiyo ATP inatoka wapi?

Nimemwambia elektroni zinapopita, nishati yake husukuma protoni upande mmoja wa utando. Protoni zikirudi kupitia kimeng'enya kinachozunguka, ADP (ATP iliyopungukiwa fosfati moja) inaunganishwa na fosfati na kuwa ATP. Ndilo wazo la mwanabiokemia Peter Mitchell la mwaka 1961, lililompa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Nikatoa mfano wa maji ya bwawa yanavyozungusha mtambo wa umeme, lakini sasa anaamini protoni zenyewe zinageuka kuwa ATP! Nimsahihishe vipi bila kumvuruga zaidi? Kuna mfano bora kuliko bwawa?

Halafu vitabu vya zamani vinasema ATP 36 au 38 kwa glukosi moja, vipya takriban 30 hadi 32. Kwenye mtihani aandike ipi?

Walimu wa baiolojia, naomba sana mnisaidie. Mtihani umekaribia na mtoto ameanza kukata tamaa.