Tupeane uzoefu: Hisabati Diskriti ilianza kukuingia wapi?

#1
Wakuu, habari za jioni. Nilitoka kidato cha sita kalkulasi iko kichwani, nikajua mwaka wa kwanza wa kompyuta nitateleza tu. Nikala sapu (mtihani wa marudio) ya Diskriti, ile hisabati ya mantiki na ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja. Kilichonikwamisha ni "ikiwa p basi q": kwa nini p isipokuwa kweli, sentensi nzima inahesabiwa kweli? Nilikariri jedwali la kweli na uongo la p na q, lenye mistari minne, swali likaja limegeuzwa, nikabaki natazama karatasi.

Likizo ile bibi akamwambia mdogo wangu, "Ukichota maji nakupa andazi." Mtoto hakuchota, andazi akapewa. Bibi kavunja ahadi? Hata kidogo. Angeivunja kwa njia moja tu: mtoto achote maji halafu anyimwe andazi. Ndiyo ule mstari mmoja wa uongo kati ya minne. Sapu nikaifuta. Wewe je?

#2
Mkuu, yangu yalikuwa induksheni: unaonyesha kanuni ni kweli kwa namba ya kwanza, kisha kwamba ikiwa kweli kwa k, ni kweli kwa k+1 pia. Hatua ya kwanza nilikuwa nairuka, naona inapoteza muda, nakimbilia k kwenda k+1. Nikakatwa alama, nikamfuata mwalimu ofisini. Akaandika n = n+1. "Chukulia k = k+1. Jumlisha 1 pande zote: k+1 = k+2." Hatua imepita bila kasoro! Kisha akaweka n = 1, ikatoka 1 = 2. Niliondoka kimya. Mpaka leo, nikiandika programu, fanksheni (kipande cha programu) inayojiita yenyewe naanza kuiandika pale itakapokomea, maana ndiyo hatua yake ya kwanza.

#3
Mimi moduli. Mwalimu anasema baki ya kugawanya kwa 12, mimi sioni kitu, kumbe naitumia tangu utotoni. Saa 5 asubuhi ongeza saa 9 ni 14, toa 12, saa 2 usiku. Simu ikionyesha 9 asubuhi, nasoma saa 3: nimetoa 6. Sasa jumlisha 6: 15, toa 12, ni 3 ileile! Kwenye 12, kujumlisha 6 na kutoa 6 ni kitu kimoja. Usiku ule niliziandika saa zote kumi na mbili kwenye daftari nione kama ipo inayokataa. Haipo.

#4
Kuhesabu. Ligi ya mtaani, timu 10, kila timu ikutane na mwenzake mara moja. Nikapiga 10 mara 9, mechi 90. Refa akauliza kwa nini A na B, halafu tena B na A. Nikagawanya kwa 2: 45. Michango ya marefa tulishaikusanya ya mechi 90, ikabidi turudishe nusu.