Mjadala: Alama ya ustahimilivu ipange foleni ya ushauri nasaha kliniki?

Mleta mada
Mbukwenyi wakuu. Hoja ni hii: kliniki za kisukari na presha huku Chemba na Kondoa, mkoani Dodoma, ziwapime akina mama ustahimilivu wa kisaikolojia, yaani uwezo wa kuinuka tena baada ya shida, wakiwemo Wasandawe na Waburunge ambao ni wachache, na wenye alama ndogo ndio watangulizwe kwa mshauri. Kipimo kinachopigiwa debe ni kile kifupi cha Smith na wenzake cha mwaka 2008: sentensi 6, kila moja inajibiwa kwa 1 hadi 5. Mimi napinga. Karibuni.

Mtakwimu
Mkuu, tukifungue kwanza. Sentensi ya 2, ya 4 na ya 6 zimeandikwa kinyume, kwa mtindo wa "napata shida kuinuka". Jibu lake unalitoa kwenye 6, kwa hiyo 4 inakuwa 2. Jumlisha zote, gawa kwa 6. Chini ya 3.00 ni ndogo, 4.31 kwenda juu ni kubwa.

Sasa chukua mama anayetaka tu kumridhisha nesi, akajibu 4 zote sita: 4+2+4+2+4+2 ni 18, gawa kwa 6, unapata 3.00. Akijibu 5 zote, 3.00. Akijibu 1 zote, 3.00 vilevile! Aliyeitikia bila kuelewa anahesabiwa "wa kawaida" na foleni inamruka. Karani akisahau kugeuza, yule wa 4 anapanda hadi 4.00. Kwa hiyo tunzeni majibu yote sita, si alama peke yake, na yakifanana yote mama aulizwe upya.

Nesi
Kuitikia kupo sana, ila lugha ndiyo inayotuumiza. Mkalimani wa papo kwa papo huwa ni mtoto wake au jirani, na mbele ya hao mama hatasema amechoka. Halafu maneno ya dodoso, "kurudi katika hali yako", kwa mwenye kisukari ni hali ipi, wakati ugonjwa hauishi? "Kuinuka" kunaeleweka zaidi.

Tafsiri ya kwenda Kisandawe au Kiburunge ifanywe na watu wawili, kila mtu kivyake, kisha wakae wapatane. Wa tatu, ambaye hajaona Kiswahili cha mwanzo, airudishe kwa Kiswahili muone kilichopotea. Kisha akina mama 5 hadi 10 wasomewe, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichosikia. Sauti irekodiwe kwenye simu, wote wasikie kitu kimoja. Majibu yaende kwa hatua: "Ni kweli kwako au si kweli?" halafu "Sana au kidogo?" Akibaki katikati, ni 3. Na asiulizwe akiwa bado hajala, anasubiri kupimwa sukari ya kufunga.

Afisa mipango
Yote sawa, lakini kikao cha bajeti hakipitishi fedha kwa masimulizi. Na wanawake wenye maradhi sugu hawakusahauliwa: sampuli mojawapo ya kipimo hicho ilikuwa na wenye fibromayalgia, yaani maumivu sugu ya mwili mzima.

Mleta mada
Ya Marekani, ndugu yangu, na nyingine mbili kati ya nne zilikuwa za wanafunzi wa chuo. Hukohuko Marekani, Cheryl Woods-Giscombé alieleza mwaka 2010 jinsi wanawake Weusi wanavyojiona wanalazimika kuonekana imara, wafiche hisia na wakatae msaada. Mama wa Kwa Mtoro, huku Chemba, akisema "nimezoea", dodoso linampandisha, kumbe huenda ndiye anayeruka vidonge ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Dawa zikiisha kwenye dirisha la kliniki, mnapima upungufu wa stoo, si moyo wake. Wastani wa kituo kwa ajili ya bajeti, nakubali. Kumpanga mtu mmoja mmoja, hapana.

Mtakwimu
Hata huo wastani, msilinganishe Wasandawe na Wagogo kabla ya kuthibitisha kwamba maswali yanafanya kazi sawa kwa wote. Hapo watafiti wengi hutaka watu kama 200 kila kundi. Alfa ya Cronbach ya 0.70 isiwalevye: inaonyesha sentensi zinakwenda pamoja, haisemi zinapima nini.

Nesi
Basi foleni ipangwe kwa dodoso la PHQ-9, linalopima dalili za sonona: maswali 9, alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 mtu achunguzwe zaidi. Swali la 9 linagusa kujidhuru. Asiulizwe yeyote kabla hamjapanga nani atamwona siku hiyohiyo, maana rufaa ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, bila nauli ni karatasi tu. Na dodoso hilo nalo lipitie tafsiri ileile, kuanzia watu wawili wa mwanzo.