SROP, Ralph Bunche au nibaki chuoni kwangu kiangazi hiki?

Binti_Kilwa: Habari za humu. Niko mwaka wa 3, nasoma historia Ohio kwa viza ya F-1. Likizo hii nataka kufanya utafiti, kuuza kahawa nimechoka. Nimebakiza njia tatu: SROP, ile programu ya utafiti wa kiangazi ya vyuo vya muungano wa Big Ten, Ralph Bunche, ile kozi ya kiangazi ya chama cha wanasayansi wa siasa wa Marekani, au kafedha ka chuo changu nifanye kazi na mwalimu wangu. Mngekuwa mimi?

Kigoma_Iowa: Dada, anza na karatasi zako. Zile REU, nafasi za utafiti zinazolipiwa na NSF, mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani, usihangaike nazo, ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu tu. Zilizobaki soma masharti mstari kwa mstari, kila chuo na lake. Ralph Bunche ni wiki 5 za sayansi ya siasa, na takwimu zake si mchezo. Mtu wa historia utalia 😂

Mtanga: Alie tu, kama anataka uzamivu wa siasa. Kama hataki, anapoteza muda.

MpwaWaMombasa: Mimi niliwahi kukaa wiki 8 Northwestern, kimojawapo cha hivyo vya Big Ten, kwenye maktaba yao ya Afrika, Herskovits. Wana mkusanyiko wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za 1860 hadi 1960. Kalamu ya wino unaiacha nje, unaingia na penseli. Siku moja nafungua albamu, nakuta kichochoro cha Mombasa, watoto wamejazana mlangoni wanamkodolea macho mpiga picha. Jina la mpiga picha lipo, la mtoto hata mmoja hakuna. Nikatupa swali nililokwenda nalo, nikaanza upya na hao watoto. Ukipata nafasi ya hivyo, nenda.

Binti_Kilwa: Na posho inatosha?

Kigoma_Iowa: Hapo ndipo wa F-1 mnapoumia. Ufadhili usio mshahara, sehemu inayotozwa kodi hukatwa 14%, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani. Rafiki yangu alipangia dola 4,000, zikaingia 3,440, chumba kishalipiwa. Tena ukienda nje ya chuo chako, pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Mtanga: Basi abaki na mwalimu wake. Ila apewe swali lake mwenyewe, asigeuzwe mtu wa kutoa fotokopi.

Binti_Kilwa: Nimemwandikia mwalimu jana. Ana makasha mawili ya barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hana wa kumsomea. Babu alinichapa sana kwa hizo herufi.

MpwaWaMombasa: Na bado unatuuliza sisi?