Kununua diske na kasete za okazio ku mnada wa mutandao bila kuibiwa: munafanyaka aje?

manette_belair
Jambo yenu bandugu. Miye niko hapa Lubumbashi, niko na PS4 (konsole ya kucheza jeu), na mudogo wangu eko na Game Boy Advance ya zamani (konsole ndogo ya mukono) yenye mujomba alimuachia. Diske za PS4 zenye banauzisha hapa mu vile ziko bei kali, sasa ku eBay minaona batu ba Ubelgiji na Ufaransa banaweka diske sita pamoja, mnada unaanzia euro 1, bikaniingia ku roho. Mukubwa wangu eko Liège, anaweza kupokea koli, kiisha anaipatia ajansi yenye inaletaka bintu huku. Mudogo yeye anataka paka kasete ya jeu ya Pokémon Emerald.

Shida njo hii: nilimuandikia muuzishaji mumoja kumuuliza kama diske zinatembea, akajibu mbio sana eti tuachane na eBay tumalizie ku WhatsApp, nimutumie makuta na Western Union ao PayPal lakini nichague ile ya kutumia rafiki na jamaa, atanipunguzia euro 10. Bei ni muzuri lakini roho haitulii. Benye mulishanunuaka vile munisaidie.

yaya_kamalondo
Mudogo, huyo umuache leo leo, usimujibu hata. Muuzishaji mwenye diske za kweli hana sababu ya kukutosha ku eBay, anakutosha juu anajua kule ndani uko na mutu wa kukutetea na inje hauna. Ukilipa mule mule mu eBay, bintu bikikosa kufika ao bikifika tofauti na vile aliandika, uko na siku 30 kuanzia siku koli ilifika (ao siku ya mwisho yenye ilipashwa kufika) ya kufungua lalamiko, na makuta inarudi. PayPal ya kawaida, ile ya kununua bintu, inakupatia mpaka siku 180. Lakini ile ya rafiki na jamaa haina kinga hata kidogo, umepeana zawadi tu, basi. Western Union njo mubaya zaidi, mutu akishatosha makuta ku geshe imekwisha, hakuna mwenye atamukamata.

Sasa kuko kitu moja batu ba huku hatuangaliaka, na miye njo inaniuma sana juu inatuhusu siye kuliko batu ba Ulaya. Ile kinga ya eBay inaisha ile wakati koli inatoka ku adresi ya kwanza kwenda ingine. Maana yake mukubwa wako akiipokea Liège akaitupa ku ajansi bila kufungua, ikafika Lubumbashi, ukakuta diske imepasuka, eBay haikujui tena. Kwa hiyo kazi yote ya kuhakikisha inafanyika Liège, haifanyiki hapa. Afungue, apige foto ya boite, ya diske pande zote mbili, aingize mu PS4 ya mutu (kama hana aombe kwa jirani, PS4 ziko mingi kule), na kama kitu hakiko sawa afungue lalamiko hapo hapo mbele koli haijatoka. Akikuambia hana nafasi, afazali usinunue.

mzee_ruashi
Yaya amesema ya muhimu. Miye ninaongeza ku habari ya bei, juu vijana banadanganywa na ile euro 1 ya kuanzia.

Ku mnada wa eBay hauhitaji kukaa macho unapandisha kidogo kidogo. Unaandika bei yako ya mwisho mara moja, machine inakupandishia yenyewe kidogo kidogo paka ile yenye inatosha kumupita mwingine, haitaonesha wengine mwisho wako. Batu mingi banaingia mu sekunde za mwisho, usikasirike, kama umeandika bei yenye kweli unaona inafaa basi mwenye anakupita amelipa zaidi ya wewe unavyotaka, umuachie. Mbele ya kuandika, tia ile filtre ya bintu bilishauzishwa, utaona batu balilipa ngapi kweli kweli, juu bei yenye muuzishaji anaomba haikuambie kitu. Na ujue ukishinda unapashwa kulipa, haiko ile ya kuangalia tu.

Kiisha chukua hiyo bei, ongeza posta ya mule Ulaya, ongeza kilo za ajansi, ongeza douane ya DGDA kama watakuomba. Diske moja moja haina maana, lot (diske mingi pamoja) njo inasaidia, na umuambie mukubwa wako akusanye bintu ya mara mbili tatu atume pamoja, lakini kila moja aijaribu mbele siku zake hazijapita.

Na muuzishaji, usiangalie paka ile asilimia 99 ya maoni muzuri. Fungua uone aliuzisha nini. Kuko mwenye maoni yake yote yanatoka ku bibambo bya telefone bya euro 1, leo anaweka console tano na foto ziko muzuri sawa za dukani. Huyo hapana. Na yule anaandika "haijajaribiwa" na konsole yake iko nyuma yake ku foto, miye ninahesabu kama haitembei na ninalipa bei ya kitu kisichotembea, ao ninapita.

kasete_243
Ya Pokémon Emerald niachie miye, miye ni mutu wa kasete. Emerald za feki ni mingi mno, kama iko mupya ing'aa na bei iko chini kabisa usifikiri mara mbili. Muombe foto ya karibu, mbele na nyuma na pale chini penye meno ya shaba, na muombe aandike jina yake ya eBay ku karatasi aweke pembeni, hapo unajua kasete iko kwake kweli. Ya kweli ni plastiki ya kijani yenye unaona ndani. Ku etiketi, ukiiinamisha ku mwangaza, unaona namba ndogo zenye zimekandamizwa ndani ya karatasi, na code inaanza na AGB-. Pale chini ku mwanya unaweza kusoma Nintendo ku ubao wa ndani. Etiketi yenye rangi zimefifia ao herufi zimekaa kombo, hiyo hapana.

Sasa sikia hii, batu banaiogopa bure: Emerald ya kweli ukiiwasha inaweza kukuambia betri ya ndani imekwisha. Hiyo si kasoro kubwa! Ile betri inashika paka saa, mchezo unasevu vizuri. Lakini kama ni Pokémon Gold ao Silver ya Game Boy Color, pale betri ikikufa na sauvegarde inakufa nayo, ni CR2025 yenye fundi anaunganisha na soudure, kwa hiyo ujue mbele.

Diske za PS4 ni Blu-ray, data yake iko karibu sana na uso wa chini, njo maana hazipolishwi sawa CD ao DVD za PS2. Muambie kaka yako aziangalie ku taa. Na kitu kingine, usinunue diske ya okazio ya jeu za PC, mara mingi code yake imekwisha kuunganishwa na compte ya mutu, unanunua plastiki. Hata ma-boite ya Nintendo Switch, soma juu, kuko zenye ndani hakuna kasete ni code tu, na zile game-key za Switch 2 kasete iko lakini mchezo wote unapashwa kuupakua, na siye tunajua forfait ya intaneti inakula aje hapa.

manette_belair
Asanti sana bayaya na bakubwa. Yule wa WhatsApp nimemu-signale ku eBay. Maswali mbili tena: diske ya Marekani itatembea ku PS4 yangu ya Ulaya? Na rafiki anataka kunipatia mnada wa PS2 ya Marekani, muzuri?

kasete_243
PS4 haina zone (kukubali paka diske za sehemu moja ya dunia) kwa mchezo wenyewe, diske ya Marekani itatembea. Lakini nyongeza za kununua ku mutandao zinapashwa kutoka ku compte ya zone ile ile ya diske. PS2 ya Marekani tofauti kabisa, iko na zone, diske za Ulaya itakataa, na konsole kubwa za kwanza ni za 120 V. Ukiitia ku SNEL (umeme wa hapa) moja kwa moja, 220 V itaichoma. Utafute ya Ulaya.

yaya_kamalondo
Na mukubwa wako akiijaribu diske ya PS4, asiridhike na menyu kufunguka. Mchezo unaendelea kujikopi kutoka ku diske mu disque dur ile wakati unacheza, kwa hiyo aache installation imalizike yote. Diske yenye imeumia inakwama katikati ao inaleta kosa, na hapo bado eko ndani ya siku zake 30.