Lumumba aliongoza siku 67 tu. Jina lake linadumu kwa nini?

Mleta mada: Mtaa wa Pili
Wakuu, yule shabiki wa Kongo aliyesimama kama sanamu ya Lumumba, mkono wa kulia juu, kwenye AFCON ya Morocco amenirudisha kwenye swali la zamani. Kasa-Vubu alikuwa Rais kwa miaka mitano. Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga lililojitenga, alikuwa na shaba ya huko, na Wabelgiji nyuma yake. Mobutu, mkuu wa jeshi aliyetwaa nchi kwa mapinduzi, alikaa madarakani zaidi ya miaka 31. Hakuna anayesimama jukwaani mechi nzima kuwaiga hao. Lumumba alikuwa waziri mkuu Kongo ilipopata uhuru kutoka Ubelgiji, 30 Juni 1960, na 5 Septemba Kasa-Vubu akatangaza kumfuta kazi. Ni ile hotuba yake ya siku ya uhuru tu, au kuna kingine? Naomba na tarehe zilizonyooka, maana mitandaoni kila mtu ana zake.

Kalamu Nyeusi
Hotuba ina uzito, lakini watu huisimulia vibaya. Ratiba ya sherehe ya uhuru kwenye jumba la Palais de la Nation ilikuwa na wasemaji wawili: Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, aliyemsifu Leopold II, mfalme aliyeitwaa Kongo, kisha Kasa-Vubu aliyeshukuru kwa adabu. Lumumba hakuwa kwenye ratiba. Akasimama akataja matusi na vipigo "asubuhi, mchana na jioni", na jinsi Mwafrika alivyoitwa "tu", yaani "wewe" ya Kifaransa isiyo na heshima, ilhali "vous" ya heshima ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mfalme alikuwa amekaa hapo hapo anasikiliza.

Makosa ya kuepuka: maneno "sisi si nyani wenu tena" hayamo kwenye hotuba ile. Picha ya kijana anayekimbia na upanga wa Mfalme ni ya 29 Juni, barabarani, siku moja kabla. Haihusiani na Lumumba. Na hakuwahi kuwa Rais.

Msumari wa Nne
Hotuba peke yake isingetosha. Kilichomfanya asisahaulike ni namna walivyojaribu kumfuta.

Tarehe ni hizi. 27 Novemba 1960 alitoroka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kuelekea Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Akakamatwa 1 Desemba alipokuwa akivuka mto Sankuru. Akarudishwa amefungwa mikono, na mbele ya kamera askari akamsokomezea karatasi mdomoni. Filamu hiyo ilizunguka dunia. Akawekwa kambi ya Thysville. 17 Januari 1961 akapelekwa kwa ndege Élisabethville, Lubumbashi ya leo, huko Katanga, akateswa, na usiku huo huo akapigwa risasi porini pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Alikuwa na miaka 35. Maofisa wa Kibelgiji walikuwepo. Tarehe 13 Februari mnayoiona kila mahali ni siku Katanga ilipotangaza kifo, ikidai wanakijiji ndio waliomuua.

Baadaye miili ilifukuliwa. Polisi wa Kibelgiji, Gérard Soete, na msaidizi wake wakaiyeyusha kwa tindikali ili pasiwe na kaburi la watu kukusanyika. Hapo ndipo walipokosea hesabu. Marehemu asiye na kaburi hana matanga yanayokwisha; kila kizazi kinauliza yuko wapi. Tena Soete mwenyewe alibaki na jino, akalionyesha kwenye televisheni. Lilirudishwa kwa familia huko Brussels 20 Juni 2022, likazungushwa Kongo ndani ya jeneza, likazikwa Kinshasa 30 Juni. Jino moja, jeneza zima, msafara wa kitaifa.

Kalamu Nyeusi
Ongeza na hili: 1966 Mobutu huyo huyo ndiye aliyemtangaza shujaa wa taifa! Miaka miwili tu kabla, waasi wa Simba walikuwa wameiteka Stanleyville kwa jina la Lumumba. Kulivaa jina hilo kulikuwa rahisi kuliko kupigana nalo. Moscow nao walikipa chuo chao jina lake Februari 1961, wakalitoa 1992, wakalirudisha 2023. Kila mwenye shida na uhalali analiazima.

Gerezani Kariakoo
Dar je? Mtaa wa Lumumba ulikuwa New Street, na TANU ilizaliwa hapo 1954 kabla Lumumba hajajulikana. Jina lilikuja baadaye. Leo ukisema "Lumumba wamekasirika", nusu ya wasikilizaji wanaelewa ofisi ndogo ya CCM.

Mto Lubilanji
Mnamfanya malaika. Nendeni Kasai Mashariki mkawaulize Waluba. Agosti 1960 jeshi la serikali yake lilitumwa kuvunja utawala uliojitenga wa Kalonji huko Kasai, likaua raia wengi Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo. Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa UN, akasema kitendo hicho kina dalili za mauaji ya kimbari, na Kasa-Vubu akakitumia kama sababu ya kumfuta. Hata bungeni hakuwa na wingi: chama chake kilipata viti 33 kati ya 137, serikali ikawa ya kuungaunga.

Msumari wa Nne
Bakwanga ni kweli, na haipaswi kurukwa. Ila angalia muda: jeshi liliasi 5 Julai, siku tano baada ya uhuru, Katanga ikajitenga 11 Julai. Hakupata hata wiki moja ya kutawala kawaida. Ndiyo maana kila mtu humjazia serikali anayoitaka yeye, na Mobutu hawezi kujaziwa.

Mleta mada: Mtaa wa Pili
Nimeelewa. Kwa hiyo kumbukumbu naiweka 17 Januari, si Februari?

Kalamu Nyeusi
17 Januari. Kongo ni sikukuu ya taifa, siku moja baada ya ile ya kumkumbuka Rais Laurent Kabila, usizichanganye.