Fokasi (sehemu inayotoka kali kwenye picha) inakaa nyuma ya ninachokilenga: nirekebishe kwa umbali upi?

Wakuu, naomba ushauri. Kamera ni DSLR (yenye kioo ndani na kitundu cha kuchungulia), lenzi 50mm, uwazi wa lenzi f/1.8. Kamera iko kwenye stendi, mita 2.5 kutoka pakiti ya unga yenye maandishi meusi. Pembeni rula imeinama nyuzi 45, sifuri usawa wa pakiti. Pointi ya fokasi ya katikati, taima sekunde 2, picha 10, na kabla ya kila picha lenzi inarudishwa mwisho ili itafute upya (bila hivyo kipimo ni bure).

Nikichungulia kwenye kitundu, fokasi ya picha 8 inakaa sentimita 5 nyuma ya pakiti. Nikilenga kwa skrini ya nyuma, zote sawa, kwa hiyo lenzi yenyewe inatoa picha kali. Nikiweka -6 kwenye menyu ya kurekebisha fokasi (minasi huisogeza mbele, karibu na kamera) inatulia, ila kwa mita 1 fokasi inaruka mbele ya pakiti. Nifuate umbali upi? Na balbu ya njano inaweza kudanganya sensa ya fokasi?